Mambo ya Nyumbani: Aachaye Pombe Ghafula

Wapendwa, mtu aliyezoea kunywa rubisi na gongo tangu asubuhi hata usiku asemapo, "Tangu leo sinywi tena," nyumba nzima hushangilia, nasi pia. Lakini siku ya pili mikono yake yatetemeka, jasho lamtoka, usingizi wamkimbia. Wengine huanguka kama wenye kifafa. Na yapata siku ya tatu huenda wakaona wadudu na watu wasiokuwapo. Ndipo twasikia huku Karagwe na Kyerwa: ana pepo, afungiwe ndani aombewe. Kumwombea ni kwema, lakini kumfungia ni hatari, maana aweza kufa.

Ugonjwa huu umepelelezwa hata kwa wanyama. Mwaka 1971 Dora Goldstein wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na mwenzake, walieleza jinsi walivyowaweka panya wadogo katika hewa yenye mvuke wa kileo kwa siku tatu, kisha wakawatoa. Baada ya saa chache, panya aliyeinuliwa kwa mkia alishikwa na kifafa. Naye panya hakuvunja nadhiri yo yote! Basi ni mambo ya mwili: ubongo uliozoea kutulizwa na kileo hujikaza kushindana nacho, na kileo kikiondoka ghafula, ule mkazo hubaki peke yake. Kwa panya kama hao dawa za jamaa ya diazepamu hutuliza kifafa hicho. Hata kwa watu imeonekana vivyo hivyo: mwaka 1969 Wamarekani walitoa habari za wagonjwa 537, na waliopewa klorodiazepoksidi, ndugu yake diazepamu, ndio walioshikwa na kifafa na wazimu kwa uchache.

Kwa hiyo mnywaji wa kila siku asiachishwe nyumbani kwa nguvu. Apelekwe kwanza Nyakahanga, au Isingiro, au hospitali iliyo karibu, apimwe. Hupewa pia vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo. Tena msimnunulie diazepamu dukani: ikichanganyika na pombe yaweza kuzuia pumzi. Nanyi walimu, mkiitwa usiku kuomba, ombeni mkiwa njiani pamoja naye. Amsindikizaye amwambie daktari saa aliyokunywa mara ya mwisho, na kama amewahi kuanguka kifafa zamani.