Farasi 10 wa chujio? Acheni porojo!

Haya wasomaji, leo kompyuta naiweka kando kidogo, maana porojo hii imenichosha. Eti uking'oa kasha la chujio la hewa la Vitz yako na kufunga koni nyekundu inayong'aa, unaongeza nguvu za farasi 10. Wengine wanauza kidude cha mapanga cha kuizungusha hewa ndani ya mrija. Na wapo wenye ujasiri wa kuuza feni ya plastiki ya volti 12 na kuiita turbo ya umeme. Jamani!

Sisi waandika programu tuna desturi moja: programu ikiwa nzito, unapima kwanza inakwama wapi, ndipo unagusa. Basi tupime. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upinde kama herufi U, utie maji, ncha moja uichomeke kwenye mrija wa hewa baada ya chujio, nyingine iache wazi. Kanyaga mafuta hadi mwisho mlimani, mwenzako akitazama maji. Sema yamepishana sentimita 10. Hiyo ni kama kilopaskali 1. Hewa ya Nairobi ina kanieneo ya kilopaskali 82 hivi. Kwa hiyo hata ukiondoa chujio lote, unadai asilimia 1 na kitu. Gari la farasi 100 limepata farasi mmoja! Na hapo ni ukiwa umekanyaga hadi mwisho tu. Ukiendesha kawaida, kinachoibana hewa ni kile kipepeo kinachofunguliwa na mguu wako mwenyewe.

Mwizi halisi wa nguvu hapa kwetu ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Hakuna koni inayoweza kuirudisha, kwa sababu koni haisukumi hewa. Tena ukiiacha wazi chini ya boneti, kwenye foleni ya Thika Road inavuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 10 hivi kuliko ya nyuzi 25. Kasha la kiwandani ulilolitupa lilikuwa limeelekezwa kwenye hewa baridi. Umelipa pesa kununua joto.

Turbo ya umeme nayo? Injini ya cc 1500 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta kama lita 4,500 za hewa kila dakika. Kuongeza kanieneo ya hewa hiyo kwa asilimia 30 kunahitaji zaidi ya kilowati 2, hata kwa feni isiyopoteza chochote. Kwa volti 12 hizo ni ampea 160 na zaidi. Sasa tazama ule uzi mwembamba wa waya uliouziwa. Audi walipofanya jambo hili kweli kwenye SQ7 ya mwaka 2016, walilazimika kuweka umeme wa volti 48 na mota ya kilowati 7.

Vidude vya kuzungusha hewa sivijadili sana. Ukiweka kizuizi njiani umeweka kizuizi.

Nakubali, aliyebadilisha turbo na kuandika upya programu ya kompyuta ya gari anaweza kuhitaji mrija mpana zaidi. Huyo ameshapima. Lakini wewe wa Vitz unayesikia gari "limekuwa jepesi" unasikia kelele, kwa sababu lile kasha lilikuwa pia linazima mngurumo. Na koni hafifu ikipitisha vumbi la barabara zetu, silinda na ringi za pistoni zinasagwa polepole. Koni ya bei poa, injini ya kufumua.

Muuzaji akikutajia farasi 10, muulize zilipimwa kwenye mashine gani, hewa ikiwa nyuzi ngapi, na lile chujio la zamani alilolilinganisha nalo lilikuwa safi au lilikuwa limejaa vumbi la miaka mitatu.