Moto Mdogo Ndani ya Mkoba wa Msafiri



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Hivi karibuni tulikwenda uwanja wa ndege kuwasindikiza jamaa zetu waliojaaliwa kwenda Umra. Mbele yetu katika foleni alikuwapo bibi mmoja mtu mzima, tasbihi mkononi, na mjukuu wake akimshughulikia mizigo. Mfanyakazi wa kaunta akauliza swali la kawaida: je, ndani ya begi hili kubwa mna betri au pawabenki? Kijana, kwa kuona tabu kufungua begi lililokwisha kazwa kamba, akajibu upesi kuwa hamna. Bibi akamgeukia, akamwambia kwa upole: "Mjukuu wangu, lile dude la kuchajia simu si uliliviringa ndani ya kanga zangu?" Kamba zikafunguliwa, pawabenki mbili zikatolewa, na bibi akaendelea na safari yake.

Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Lakini ukweli ni kwamba kijana yule alikuwa akitaka kuokoa dakika tano, na bibi yake, kwa kusema kweli tu, aliwaepusha na hatari watu wote waliopanda ndege ile. Wiki hii tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwani hakuna familia siku hizi inayosafiri bila simu, kompyuta mpakato au pawabenki.

Moto unaojilisha wenyewe

Betri za vifaa hivi hutengenezwa kwa madini ya lithiamu, na sifa yake kubwa ni kuhifadhi nguvu nyingi mahali padogo. Sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Betri ikiwa na kasoro ya kiwandani, au ikiangushwa, ikabanwa, ikapata joto kupita kiasi, au ncha zake zikagusana na chuma kama funguo na sarafu, joto la ndani laweza kupanda bila kizuizi. Joto huzaa joto jingine, hewa zinazoweza kuwaka hutoka, na seli moja ikilipuka huiunguza ya jirani yake. Ndiyo maana moto huu huonekana umezimika, kisha baada ya muda ukaibuka tena.

Aliyepikia jiko la mkaa atatuelewa. Kaa likifunikwa majivu huonekana limekufa, kumbe ndani linaendelea kuiva. Betri nayo ni hivyo: kuzima ndimi za moto ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kuondoa joto.

Wahudumu hufanya nini?

Wengi wetu huwaona wahudumu wa ndege kama watu wa kutuletea chakula na maji. Ukweli ni kwamba wamewekwa humo kwanza kwa ajili ya usalama wetu, na moto wa betri ni mmoja wa mitihani wanayofanyia mazoezi. Moto unapotokea hugawana kazi: mmoja huukabili, wa pili humpa rubani habari, na wa tatu huleta vifaa vya ziada na kuwasogeza abiria. Anayeukabili huvaa kifuniko cha kumkinga na moshi, na hupuliza mtungi wa kuzimia moto, ambao katika ndege nyingi huwa na gesi ya haloni, ili kuzima ndimi zinazoonekana. Kama kifaa kimechomekwa kwenye umeme, umeme hukatwa.

Kisha huja hatua ambayo huwashangaza wengi: humwaga maji. Maji, au kinywaji chochote kisicho na kilevi, hupoza seli zilizobaki ili moto usizirukie. Hawaweki barafu, wala hawafuniki kifaa kwa blanketi, kwa kuwa vitu hivyo hulizuia joto lisitoke, kama majivu yale juu ya kaa. Wala hawakibebi kifaa kinachofuka moshi au kuwaka, maana chaweza kulipuka mikononi. Hukisubiri kipoe, ndipo hukitia katika chombo chenye maji au mfuko maalumu, na hubaki wakikiangalia hadi ndege itue.

Hapa ndipo ilipo hekima ya kanuni ambayo kijana yule aliiona usumbufu. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi katika mizigo inayopakiwa chini, bali hubebwa mkononi. Ikiwaka karibu na watu, itaonekana na itashughulikiwa. Ikiwaka chini, katikati ya nguo na manukato, hakuna mkono utakaoifikia. Gesi ya kuzimia moto iliyomo katika chumba cha mizigo yaweza kupunguza ndimi za moto, lakini haipozi betri iliyokwisha anza kujiunguza.

Yaliyokwisha tokea

Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya shirika la UPS iliyobeba shehena yenye betri za lithiamu iliwaka moto muda mfupi baada ya kuruka kutoka Dubai. Marubani wake wawili walijaribu kurudi huku moshi umewafumba macho, wasijaaliwe kufika. Wote wawili walifariki. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likazuia betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena zisipakiwe katika ndege za abiria.

Tarehe 28 Januari 2025, huko Busan, Korea Kusini, ndege ya shirika la Air Busan ilishika moto ikiwa bado ardhini. Moto ulianzia katika kabati la juu ya viti, na wachunguzi wakaelekeza shaka yao kwenye pawabenki. Watu wote 176 waliokolewa, lakini paa la ndege liliungua. Laiti ingekuwa imekwisha paa, habari ingekuwa nyingine. Baada ya hapo Korea Kusini ikapiga marufuku kuweka pawabenki katika makabati hayo.

Wasafiri wetu wengi wa Hija na Umra hupitia Dubai, kwa hiyo wajue kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2025 shirika la Emirates huruhusu kila abiria pawabenki moja tu, isiyozidi wati-saa 100. Haitumiki wala haichajiwi ndani ya ndege, wala haiwekwi kabatini juu. Ukitaka kujua kipimo cha yako, chukua namba ya mAh, zidisha kwa 3.7, kisha gawa kwa 1,000. Ya 20,000 mAh ni wati-saa 74. Ya 30,000 ni wati-saa 111, imepindukia.

Wazee wetu watakumbuka pia msiba wa mwezi Novemba 1979, ndege ya Pakistan iliyokuwa ikiwarejesha mahujaji kutoka Jidda ilipowaka moto angani na kuanguka karibu na Taif. Watu wote 156 walifariki. Chanzo hakikuthibitishwa, lakini mojawapo ya yaliyofikiriwa ni mafuta kuvuja kutoka katika jiko lililobebwa na msafiri. Zama zile tuliogopea majiko. Leo tuogopee betri.

Mfano wa jahazi

Mtume wetu (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kwa kutotaka kuwasumbua wa juu kila wanapohitaji maji, wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Ni nani asiyeiona ndege katika mfano huo? Begi ni langu, lakini chombo ni chetu sote. Anayesema "hamna" ilhali anajua imo, huyo ametoboa tundu, hata kama nia yake ilikuwa kuwahi foleni. Na bibi yule ndiye aliyeushika mkono wa mtoboaji.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kufunga mizigo, tafuteni pawabenki zote na mzitie katika begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Iliyovimba au kupasuka isisafiri kabisa. Simu ikiteleza kwenye kiti, usisogeze kiti wala usiivute kwa nguvu, isije ikabanwa, mwite mhudumu. Ukiona kifaa kimekuwa cha moto au kimevimba, sema mara moja, usione haya kwamba utawatia watu hofu. Na mkiamriwa kutoka, tokeni mkiacha mizigo. Kanga na zawadi za Makka zitanunuliwa tena, roho hainunuliwi.

Na nyumbani je? Imepokewa kuwa nyumba moja mjini Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (S.A.W.) akatuusia tuzime moto tunapokwenda kulala, kwani moto ni adui yetu. Taa za mafuta zimeondoka, lakini simu iliyolazwa chini ya mto wa mtoto ikichaji usiku kucha imeshika nafasi yake. Tuichomoe kabla ya kulala, kisha tusome dua zetu. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu, awakubalie ibada zao, na atujaalie sote kuwa wakweli katika madogo na makubwa. Amin.