Tusichanganye maziwa ya joto na ya baridi

Ndugu wafugaji wa Masisi, tuache ile desturi ya kumwanga maziwa ya asubui, yenye kutoka sasa hivi kwa ngombe, juu ya yale ya mangaribi yenye yamekwisha kupoa. Hesabu ni hii: litre 30 za digri 16, ongeza litre 10 za digri 36. Zote 40 zinafika digri 21. Joto haipotei, inagawanyika tu, na vijidudu vinazaana mbio. Bidoni ikichachuka, wote tunakosa feza, hata mwenye alifanya vizuri. Kwa maoni yetu, kila mutu apoze maziwa yake kwanza ndani ya maji ya baridi, akikoroga. Maji ikipata joto, aibadilishe. Itatukawisha kidogo, lakini koperative ikatae maziwa ya joto, hata ya prezida wake.