Ubatizo wa wafu usubiri ridhaa ya ndugu
Wamormoni hawabatizi watoto wachanga. Mtu husubiri afike miaka 8, aweze kuwajibika kwa uamuzi wake. Kwa msingi huohuo, naona kubatizwa kwa niaba ya marehemu, desturi iliyoanza Nauvoo, Illinois, mwaka 1840, kunahitaji ridhaa ya jamaa zake. Waumini hujibu kwamba roho ya marehemu ina hiari ya kukataa, na upendo wao siutilii shaka. Lakini walio hai huumia: mwaka 1995 kanisa liliafikiana na Wayahudi kuacha kuwabatiza Wayahudi waliouawa na Wanazi, ambao waliuawa kwa Uyahudi wao, ila mwaka 2012 ikaripotiwa Anne Frank, msichana Myahudi aliyefia katika kambi ya Wanazi, amebatizwa tena. Kanuni ya kanisa tayari inadai ruhusa ya ndugu wa karibu kwa aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita. Ruhusa hiyo ithibitishwe kabla jina halijafika hekaluni.