Aibu ya Boti Isifichwe Chini ya Rangi



Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, jamaa nyingi hukusanya fedha kidogo kidogo ili zinunue boti kuukuu ya injini yenye kibanda, ya kuvulia au ya kuchukulia abiria. Mama huuza dhahabu yake, ndugu hutoa mafungu yao ya urithi, na matumaini ya nyumba nzima yakawekwa juu ya chombo kimoja. Kwa hivyo wiki hii tumeona tutaje yapasayo kutazamwa kabla ya fedha kutoka mkononi, na yale ambayo sheria yetu inamlazimu muuzaji kuyasema.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita penye lundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione, kisha akamkana mwenye kughushi. Mafunzo ni mawili: muuzaji adhihirishe aibu, na mnunuzi asitosheke na kilicho juu.

Basi mkono na utiwe ndani ya boti. Bamvu, mwezi uandamapo au utimiapo, ni fursa: chombo kilazwe mchangani maji yakupwapo, tumbo lake lionekane. Boti ya faiba igongwegongwe kwa mpini wa mbao. Mlio mkavu ni dalili njema, mlio mzito huonyesha kuwa matabaka yameachana au yamenyonya maji. Malengelenge chini ya usawa wa maji, yakitumbuliwa yakatoa majimaji yanukayo siki, ni ugonjwa wa faiba yenyewe wala si wa rangi. Sitaha inayobonyea chini ya unyayo ina mbao iliyooza ndani. Zitazamwe pia mbao zinazobeba injini. Rafadha ya shaba ikigeuka rangi ya waridi, zinki iliyomo imeliwa na nguvu yake imepungua. Na ngama iliyopakwa rangi juzi, ilhali sehemu nyingine zimechakaa, muuzaji aulizwe rangi hiyo inaficha nini.

Injini ikutwe baridi, kwa maana iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika huficha ugumu wake wa kuwaka. Oili ikiwa na rangi ya tui, maji yameingia. Moshi wa buluu usiokoma ni wa injini inayokula oili; mweusi ni wa dizeli isiyoungua vyema au mtambo uliolemewa. Valvu za mabomba yapitayo chini ya maji zifunguke na kufungika kwa mkono, kwani bomba moja lililooza laweza kuzamisha chombo kingali nangani. Kisha boti itolewe baharini, ikimbizwe kwa nusu saa, macho yakiwa kwenye geji ya joto. Na fundi wa kuikagua awe wako, si wa muuzaji.

Hati nazo zisomwe. Nambari ya injini ilingane na iliyoandikwa, usajili na ukaguzi viulizwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, na ijulikane kama chombo kimewekwa rahani. Iwapo mwenyewe amefariki, warithi wote waridhie. Mtoto mmoja wa kiume hana mamlaka ya kuuza fungu la dada zake. Penye mzozo wa mirathi, mlango wa Kadhi u wazi.

Wauzaji wengi husema: “Nauza ilivyo, kurudisha hakuna.” Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo, neno hilo halimwondolei dhima ya aibu ya chombo. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, nayo yapunguza thamani, ana khiyari ya kurudisha na kuchukua fedha zake. Lakini asichelewe: akiijua kisha akaendelea kuitumia boti kana kwamba hakuna lililotokea, ameridhia. Na aibu aliyoiona tangu mwanzo akanyamaza, hana dai juu yake. Inafaa pia kushartiana khiyari isiyozidi siku 3, iandikwe mbele ya mashahidi, na ndani ya muda huo chombo kijaribiwe.

Tunamwambia muuzaji na dalali: ng'ombe aliyefichwa ugonjwa humtia hasara aliyemnunua, bali boti iliyofichwa ufa huzama na watoto wa watu ambao hata bei hawakuijua. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria. Punguza bei, taja aibu, upate baraka, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ukweli na ubainifu wa wauzianao ndio huleta baraka katika biashara yao, na kuficha huifuta.

Nawe mnunuzi, usimtie muuzaji aibu asiyokuwa nayo ili bei ishuke. Hiyo nayo ni dhuluma, ingawa imevaa kanzu ya werevu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa bahari. Wallahu a'lam.