Mpimeni Bi Harusi Miguu, Acheni Kiuno Chake

Leo hatuji na hina wala pilau. Tumekuja na ugomvi, na tunaanza kwa kujigomba wenyewe.

Sisi tunaoandika haya ni wanawake kumi wa Kigoma mjini na Ujiji. Wawili kati yetu wameolewa huku kutoka Unguja, ndio waliotufikisha katika ukurasa huu. Mwaka jana mwari wetu mmoja alianguka siku ya hina, mbele ya wageni. Kwa wiki tatu alikuwa akinywa chai ya kupunguza mwili na kula tende mbili na tango, kwa sababu gauni la kukodi lilikuwa dogo na mashangazi walishaweka kikao juu ya tumbo lake. Mizani ilipoonyesha kapungua kilo sita tulipiga vigelegele. Jamani, tulimpigia vigelegele mtoto aliyekuwa anakauka macho yetu yakiona! Hakuna mgeni wa kumlaumu. Ni sisi, makungwi na mashoga zake.

Ndiyo maana tunasema wazi: mizani itoke katika matayarisho ya harusi. Mkitaka kumpima bi harusi, mpimeni nguvu. Na kifaa cha kupimia nguvu kipo, na siku hizi wanawake wa kikoba kimoja wanaweza kukinunua.

Kinaitwa kipima nguvu cha baiskeli. Ndani ya krenki, ule mkono unaoshika pedali, kuna vihisi vinavyosikia chuma kinavyopinda kidogo mno unapokanyaga. Kifaa kinachukua ule mkazo na kasi ya mzunguko wa miguu, kinakupa jibu kwa wati kwenye simu yako. Wati si jambo geni kwetu. Kunyanyua ndoo ya lita 20 nusu mita kwenda juu, kwa sekunde moja, ni karibu wati 100. Kila mwanamke aliyeteka maji hapa Kigoma ameshatoa wati 100, ila hakuna aliyemhesabia.

Zamani kifaa hiki kilikuwa cha matajiri na timu za mashindano. Mhandisi wa Kijerumani, Ulrich Schoberer, ndiye aliyeanzisha kampuni ya SRM mwaka 1986, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mambo yalibadilika kuanzia 2012, vilipoingia sokoni vile vinavyopima mguu wa kushoto peke yake na kuzidisha mara mbili. Leo vipo vya chini ya dola 400, kiasi cha shilingi milioni moja. Tulikuwa kumi, kila mmoja akatoa laki moja.

Hapo ndipo tuliposikia neno israfu. Laki moja ya kifaa ni israfu! Lakini keki ya ghorofa tano, ambayo nusu yake inamwagwa, hiyo ni heshima. Sare ya kitambaa atakayovaa mtu mara moja, hiyo ni mapenzi. Chai za kukausha mwili, pakiti juu ya pakiti, hizo ni matayarisho. Tumekaa kwenye vikao vya harusi miaka mingi, hatujamsikia hata mmoja akisimama kuuliza hesabu ya vitu hivyo mbele ya Mungu. Israfu imegunduliwa siku wanawake waliponunua kitu cha afya zao.

Tuseme ukweli wa kifaa chenyewe, maana hatuuzi. Hakiingii katika kila baiskeli. Phoenix zetu nyingi zina krenki iliyobanwa kwa kipini cha chuma, humo hakikai. Tulikaribia kulipa kabla fundi hajatuzuia. Mwenzetu mmoja alikuwa na baiskeli ya mtumba yenye krenki inayofaa, ndiyo tunayopokezana. Muulizeni fundi aina ya ekseli kwanza. Pia, kwa kuwa kinapima mguu mmoja, kama wa kulia una nguvu zaidi kitakudanganya. Ila kitakudanganya vilevile leo na mwezi ujao, kwa hiyo maendeleo yako utayaona. Kinatumia betri ndogo ya duara, na kila kabla ya kupanda lazima ukirudishe kwenye sifuri.

Tukishapasha miguu moto, tunapima hivi: dakika 20 za kukanyaga kwa nguvu unayoweza kuimaliza nayo, katika barabara ya kutoka Mwanga kwenda Ujiji, alfajiri kabla magari hayajajaa. Wastani wako unautoa asilimia tano. Kinachobaki ndicho kizingiti chako. Mama mmoja wa watoto wanne alipata wastani wa wati 100, kizingiti 95. Siku zake nyingi zikawa za wati 50 hadi 70 tu, mwendo wa kuweza kuzungumza na mwenzio. Siku moja kwa wiki anakanyaga dakika nne karibu na kizingiti, anapumzika, anarudia mara nne. Baada ya miezi mitatu alipimwa tena: wastani wati 126, kizingiti karibu 120. Mizani ilisema kapungua kilo moja. Kwa macho ya kikao cha mashangazi, huyu hakufanya kitu. Kwa kifaa, nguvu yake imeongezeka zaidi ya robo, na ndoo anapandisha nayo ngazi bila kusimama katikati.

Wanaume wa baiskeli hapa mjini wanatucheka kuwa wati ni za washindani. Ni kinyume. Mshindani anaujua mwili wake. Anayeanza ndiye anayejiua. Kabla ya kifaa, wapya wetu walikuwa wakiondoka Mwanga kama wanafukuzwa, kisha siku tatu kitandani. Kasi haikusaidii kujua: upepo wa kusi ukitoka ziwani unakwenda kama kobe na roho inakutoka. Mapigo ya moyo nayo yanapanda kwa joto, kwa kahawa, kwa usingizi mdogo. Wati 60 ni wati 60, na upepo au bila upepo. Mwezi wa Ramadhani hili limetufaa zaidi, kwa sababu mtu aliyefunga anaweza kujiwekea mpaka na kuuona kwenye simu, badala ya kujikaza hadi akafuturu njiani.

Kuhusu stara, tumechoka kuulizwa. Tunavaa suruali pana na kanzu inayofika magotini, mtandio umebanwa chini ya kofia ngumu. Baibui refu likiingia kwenye cheni linakuangusha na kukuvua mbele za watu, hiyo ndiyo aibu. Masomah Ali Zada wa Afghanistan alikimbiza baiskeli Olimpiki ya Tokyo na hijabu yake kichwani. Na nyinyi wa visiwani, angalieni Mauritius: Kimberley Le Court, mwanamke wa kisiwa kidogo, mwaka 2025 alivaa jezi ya njano katika mashindano ya wanawake ya Ufaransa. Bi Aisha alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda. Siku nyingine, mwili umeongezeka, akashindwa naye, na ikawa kichekesho kati yao. Hakupewa chai ya kupunguza mwili.

Asiye na laki moja asikae akilia. Tafuta mlima mmoja, simu ikuonyeshe mita unazopanda, na utumie saa. Chukua uzito wako pamoja na baiskeli kwa kilo, zidisha kwa 10, zidisha kwa mita, kisha gawa kwa sekunde ulizotumia. Kilo 82, mita 40, dakika tano: unapata kiasi cha wati 109, bila kuhesabu upepo. Ndiyo, hapo mizani tuliyoifukuza inarudi kwa mlango wa nyuma, lakini inakuja kama mtumishi wa hesabu, si kadhi. Mwenye presha, pumu au mimba aanze kwa daktari.

Yule mwari aliyeanguka sasa ni mke wa mtu, na yumo katika kumi letu. Amekataa kutuambia kilo zake. Wati zake anazitangaza mpaka sokoni, kati ya migebuka na madumu ya mawese. Wiki hii zamu ya baiskeli ni yake, na Jumamosi baada ya swala ya alfajiri tunaondoka Mwanga. Mdogo wake anaolewa mwezi wa Rajabu, na mashangazi wameshaitisha kikao. Tutakwenda kumi.