Kidole Kisichosikia Moto

Juma lililopita, katika foleni ya uji, mwenzetu mmoja alishika sufuria ya moto. Mkono uliruka kabla hajapiga kelele. Wengi walicheka, lakini mimi niliona somo la Baiolojia likitendeka mbele yetu. Katika ngozi mna ncha za mishipa ya fahamu. Nyingine hutambua mguso, nyingine baridi, na nyingine hushtuka joto lifikapo kama digrii 43. Ncha hizo hizo hushtushwa na pilipili, ndiyo maana mla pilipili hupepea ulimi kana kwamba ameungua. Bwana David Julius wa Marekani, aliyechunguza jambo hilo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian. Habari ya moto hufika kwanza kwenye uti wa mgongo, nao huamuru mkono uondoke bila kungoja ubongo. Maumivu makali husafiri kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Ule uchungu mzito unaofuata hutambaa kwa kama mita 1 tu. Kwa sababu hiyo mtu aliyejikwaa huumia mara mbili.

Sasa nije kwenye neno langu. Karibu na lango letu huketi mzee auzaye karanga. Vidole vyake vimekatika kwa ukoma uliopona zamani. Wenzangu wengi hununua kwingine, nami hapo kwanza nilikuwa mmoja wao. Husema, ati, ukoma umemla vidole. Si kweli. Vijidudu alivyogundua Hansen wa Norway mwaka 1873 huharibu mishipa ya fahamu, mtu asisikie tena moto, mwiba wala kiatu kinachobana. Daktari Paul Brand, alipokuwa Vellore huko India, alionyesha kwamba vidole hupotea kwa majeraha ambayo mwenyewe hayasikii, basi hayatunzi. Siku nilipompa mzee shikamoo na kuketi naye, alinieleza kwamba usiku mmoja alinusa harufu ya kuungua akadhani ni chakula, kumbe ni kidole chake.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kupeana mkono, na aliyepona hana wa kumwambukiza. Dawa zake hutolewa bure tangu mwaka 1995, nazo huponya kwa miezi 6 au 12, ila kidole kilichokwisha katika hazikirudishi. Kwa hiyo naona hatari iko katika kicheko chetu. Mwanafunzi mwenye baka lililopauka, lisilosikia hata ncha ya pini, atalificha chini ya shati akikumbuka tunavyomtenga mzee. Nawaomba walimu wetu wafundishe jambo hili tangu Kidato cha Kwanza, na mwenye baka la namna hiyo aende zahanati wiki hii hii.

Mimi siku hizi nanunua karanga kwa mzee. Anaponirudishia chenji hukitazama kiganja chake kwanza, kwani macho ndiyo yafanyayo sasa kazi ya vidole.